Safari ya Nusu Siku Mpaka Maporomoko ya Karura

(Maneno ya hotuba kwa wakaaji wa mijini na wa mashambani)



Wako watu wengi waliozaliwa Nairobi, na wengine waliotoka mashambani kuja kutafuta kazi, ambao wamekaa hapo miaka 20 wasipate kuyaona maporomoko ya maji yaliyomo ndani ya mji wao wenyewe. Maporomoko hayo ni ya Mto Karura, nayo yamo katika Msitu wa Karura, upande wa kaskazini wa mji. Si makubwa kama yale ya Nyahururu. Lakini mtu aweza kuyaendea kwa miguu, akayatazama, akapumzika, na kurudi kwake siku ile ile kabla ya alasiri.

Jambo la kwanza ni saa. Safari fupi huharibika kwa sababu hudharauliwa. Mtu husema, "Ni hapo tu," akaondoka saa 6 mchana bila maji wala chakula, na jioni watoto wanalia njiani. Mwenye busara huanza kuhesabu saa ya kurudi, ndipo ahesabu saa ya kwenda. Mfano ni baba na mama wakaao Eastleigh, wenye watoto wawili, nao wataka kuwa nyumbani saa 8 mchana. Basi hawana budi kutoka msituni saa 6 na nusu. Wakijipa saa moja na nusu ya kwenda kwa mwendo wa mtoto mdogo, saa moja ya kukaa, na saa moja na nusu ya kurudi, yawapasa kuwa langoni saa 2 na nusu asubuhi. Hesabu hiyo hufanywa nyumbani usiku wa kuamkia safari, wala si langoni.

Jambo la pili ni njia. Msitu huo una malango kadha, na Barabara ya Limuru imeukata sehemu mbili. Sehemu ya magharibi huitwa Sigiria. Maporomoko yako katika sehemu kubwa, iliyo kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu. Aingiaye Sigiria atatembea vizuri, lakini hatayafikia maji. Kadhalika iko ada ya kuingia. Yafaa kuuliza mapema ni kiasi gani na hulipwa kwa njia gani, na kuitenga pamoja na nauli ya matatu ya kwenda na kurudi. Njia panda za ndani zimewekewa vibao vyenye namba. Mtoto mkubwa apewe kazi ya kuandika kila namba wanayoipita. Karatasi hiyo ndiyo itakayowarudisha.

Jambo la tatu ni mavazi na chakula. Wakati wa mvua ndefu, Machi mpaka Mei, na wa mvua fupi, Oktoba mpaka Desemba, udongo mwekundu huteleza sana, na penye mteremko wa kushukia majini mtu huanguka upesi. Viatu viwe vya kukamata ardhi, si ndara. Julai na Agosti asubuhi huwa na baridi na mawingu, basi koti lisisahauliwe. Kila mtu achukue chupa yake ya maji, maana mto huo hupita penye mashamba na nyumba za watu kabla ya kuingia msituni, na maji yake si ya kunywa. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na ndizi vyatosha kabisa. Kima wasipewe chakula, kwa kuwa mnyama aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya. Moto usiwashwe, na maganda yote yarudi nyumbani mfukoni.

Wakienda kwa utulivu wataona mengi. Huenda wakamwona pongo akivuka njia, au mbega weusi kwa weupe juu ya miti; mbega hao walianza kuletwa Karura mwaka 2014. Wataonyeshwa mti wa muhugu, ambao wachongaji wa Kikamba waupenda kwa vinyago. Karibu na maporomoko yako mapango, na wazee husimulia kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo katika miaka ya 1950.

Lakini baba awaeleze watoto wake jambo moja zaidi, hapo hapo kando ya maji. Msitu huu ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932, hata hivyo tangazo peke yake halikuulinda. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu zake zimegawiwa watu wa kujenga majumba. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walikwenda huko na miche mikononi. Januari 1999 walipigwa walipotaka kupanda miti, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliandamana. Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hata baada ya hapo watu waliogopa kuingia kwa ajili ya wanyang'anyi, mpaka wakaaji wa jirani walipoungana na Shirika la Huduma za Misitu, ukuta wa nyaya ukawekwa na askari wakaajiriwa.

Maji yale yanayoanguka mbele ya watoto huingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, nayo hufika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Mkulima aliye mbali huko hawajui wale waliojeruhiwa mwaka 1999, lakini maji yaliyopita katika kivuli cha miti yao humfikia.

Basi yeyote atakaye kwenda Jumamosi ijayo na aanze Ijumaa usiku: chupa zijazwe, viazi vichemshwe, viatu viwekwe mlangoni, na saa ya kurudi itajwe mbele ya wote. Haba na haba hujaza kibaba, na msitu huhifadhiwa na wale waliouona kwa macho yao.