Hotuba ya Mwenyekiti: Gari Letu, Ajali na Bei ya Bima



Habari za hisa na mikopo ataeleza Mama Mhazini. Sisi tumeona tuseme habari ya gari, maana ndiyo ilitaka kutuvunjia kikundi.

Pikapu tuliinunua 2018, ya kubebea samaki na nazi kutoka Msimbati hadi sokoni Mtwara. Tukaikatia bima kubwa, ile inayolipa hasara ya gari lenyewe na ya watu wengine. Bei yake hutazama thamani ya gari, na sie tulikuwa tunapunguziwa kila tukimaliza mwaka bila kudai.

Mwaka 2020 dereva alirudi nyuma pale Mangamba akagonga mti. Taa na bampa, basi. Fundi akataka laki nne. Tukasema, si tunalipia bima? Tukadai. Kumbe sehemu ya kwanza ya hasara tunabeba wenyewe, laki mbili na nusu, imeandikwa kwenye karatasi tuliyotia saini bila kuisoma. Tukapata laki moja na nusu. Mwaka uliofuata kwenda kulipia, punguzo limefutwa, tumeongezewa laki moja na elfu themanini! Na punguzo halirudi mara moja, unaanza kulijenga upya.

Ndipo maneno yakaanza. Wengine walitaka dereva afukuzwe, wengine wakasema bima wizi mtupu. Tukakata shauri kushuka kwenye bima ndogo, ya mtu wa tatu, ambayo kisheria ndiyo ya lazima. Hiyo humlipa uliyemuumiza au kumharibia mali, gari lako hailigusi. Tulielezwa, tukaitikia, wala hatukusikia.

Masika ya 2022 gari likapinduka njia ya Madimba. Kijana wa baiskeli alivunjika mguu. Polisi walitoa PF3, akatibiwa, na bima ikamlipa, tunashukuru. Lakini pikapu ilikaa gereji miezi saba, akina mama wanapakia ndoo za samaki kwenye bodaboda. Gawio la mwaka ule mnalikumbuka wenyewe.

Sasa tumerudi kwenye bima kubwa. Kila mwanachama anatoa elfu moja kwa mwezi, mfuko wa gari. Mkwaruzo mdogo wa gari letu tunautengeneza kwa mfuko huo, punguzo libaki. Hasara kubwa tunadai. Ila mtu akiumia, au mali yake ikiharibika, hakuna kufichaficha: polisi na ofisi ya bima wajulishwe siku ileile.

Na tuulize bei zaidi ya ofisi moja. Wazee mnakumbuka, tangu 1967 bima ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa peke yake, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi.

Bima yetu inakwisha mwezi wa saba. Wenye michango ya nyuma ya mfuko wa gari wamwone Mama Mhazini leo kabla ya chakula.