Nani Anakagua Zege?

Chonyonyo wilayani Karagwe ni mahali ambapo ndoo ya maji ina heshima yake. Hata shule ya sekondari ya wasichana iliyojengwa huko na shirika la MAVUNO, kwa msaada wa wahandisi kutoka Ujerumani, inategemea mvua inayokingwa kutoka mapaani.

Naanza na maji kwa sababu zege nalo lina kiu. Wengi hudhani zege hukomaa kwa kukauka. La hasha! Saruji hushika kwa kuungana na maji, na lenta iliyomwagwa leo hutaka kuloweshwa siku 7 kwa uchache. Fundi anayenunua maji kwa pipa atamwagilia siku 2, kisha yaliyobaki yatakwenda jikoni. Simlaumu. Ukuta utasimama, utapigwa lipu na kupakwa chokaa, mgeni rasmi atakata utepe. Udhaifu umo ndani.

Wa kuuona udhaifu huo ni yule aliyesomea kusimamia na kukagua majengo. Katika Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1957, stashahada ya ujenzi ni ya miaka 3. Kijana hufundishwa kujaza zege bichi katika koni ya chuma yenye kimo cha sentimita 30, kuinyanyua, na kupima zege limeporomoka kiasi gani. Likitandaa kama uji, maji yamezidi. Hutengeneza michemraba ya zege ya sentimita 15 kila upande na kuivunja kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Na lililo gumu kuliko hesabu zote, hujifunza kumwambia fundi aliyemzidi umri: mzee wangu, simamisha kazi, nondo hizi hazina ringi za kutosha.

Wazazi wengi hutaka mtoto asomee kujenga. Kukagua wanakuona kama kazi ya kuzurura na faili kwapani. Kumbe madarasa yetu mengi siku hizi hujengwa kwa fosi akaunti: kamati hununua vifaa, fundi wa kijijini hupewa kazi. Mwaka 2021 yalianzishwa madarasa 15,000 nchini kwa mkupuo. Mimi naupenda utaratibu huu, maana fedha hubaki kijijini. Lakini mkandarasi alipoondoka, msimamizi wake aliondoka naye. Mhandisi wa wilaya ana miradi kila kona, na zege halimsubiri. Akifika Ijumaa kuangalia lenta ya Jumatatu, anakagua lipu.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Ilikuwa Jumamosi alasiri, watoto hawakuwamo madarasani. Je, ingekuwa Jumanne asubuhi?

Wanafunzi wa vyuo hivi hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo, na wengine huyamalizia maofisini wakitoa nakala za barua. Halmashauri ziwapeleke vijijini, wawepo siku ya kumwaga zege, na koni yao mkononi. Na katika makadirio ya darasa la Chonyonyo, maji ya siku 7 yapewe mstari wake, chini ya saruji na nondo.