Taa za Mchana kwa Pikapu Kuukuu za Vyama



Pikapu ya chama hubeba mali yenu. Katika vumbi la barabara ya changarawe, dereva ajaye mbele huiona ikiwa imekwisha karibia. Sweden iliamuru magari yawashe taa mchana tangu mwaka 1977. Kanada iliyalazimisha magari mapya tangu Desemba 1989.

Gari kuukuu nalo laweza kufungiwa. Taa ziwe mbili, nyeupe, za usawa mmoja, zikiachana sentimita 60 au zaidi. Waya utoke kwenye betri, upitie fyuzi iliyo karibu nayo, kisha relei inayoamshwa na swichi ya ufunguo. Ufunguo ukizimwa, taa nazo zizimike, betri isije ikaisha. Taa kubwa zikiwashwa, hizi zizimike. Zingatieni kwamba haziwashi taa za nyuma. Usiku na wakati wa mvua dereva awashe taa kubwa.

Kamati ipitishe matumizi hayo kwanza, ndipo fundi aitwe. Nijapo kukagua, nitaomba muhtasari, stakabadhi, na kuziona taa zenyewe zikiwaka.