MATUTA YA BARABARANI NA HAKI YA KUSIKILIZWA: MFANO WA SUMBAWANGA



Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, mbali na bahari, katika nchi ya baridi na mahindi mengi. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa ya udongo, na wakati wa mvua safari ilikuwa ya kubahatisha. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 224, ilitiwa lami kwa fedha za mkataba wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini baina ya Tanzania na Marekani mwaka 2008. Lami ni neema, lakini huleta mwendo wa kasi. Na kasi ndiyo iliyowafanya watu kudai matuta.

Mkulima wa Kifipa analijua tuta tangu utotoni. Katika kilimo cha ntumba majani hufukiwa chini ya kichuguu cha udongo yakaoza na kuwa mbolea. Tuta hilo lina mwenyewe. La barabarani hulala katika njia ya watu wote, na kila mmoja hulipokea kwa namna yake.

Mama ambaye watoto wake huvuka kwenda skuli hulitaka mbele ya mlango wake. Jirani hulikataa, kwani malori ya mahindi hufunga breki hapo usiku wa manane na kuitikisa nyumba. Mvua ikinyesha, tuta lisilochimbiwa mfereji huzuia maji, yakaingia uani. Mwenye baiskeli na gunia lake hushuka akasukuma. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali hulihisi kila tuta mwilini mwake. Wote hao wana haki, wala hapana aliye na haki peke yake.

Mara nyingi tuta hudaiwa baada ya msiba. Mtoto akigongwa, mawe na magogo hupangwa barabarani siku hiyo hiyo. Hasira hiyo inafahamika, lakini gogo lisilo na alama huweza kumwua mwendesha pikipiki usiku ule ule. Sheria ya usalama barabarani imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Tuta ni msaada kwa sheria hiyo pale ambapo alama peke yake haikutosha.

Yafaa ifahamike pia nani anapelekewa ombi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanza kazi mwaka 2000. Barabara za mitaani na za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Ombi likifika kwa asiyehusika, hukaa.

Lililo zito zaidi ni nani anasema kwa niaba ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa kura na wakaazi watu wazima. Vijijini, mkutano mkuu ni wa kila mkaazi aliyetimiza miaka 18. Huku Visiwani sheha huteuliwa, kwa hivyo wasomaji wataona tofauti. Hata hivyo kura haitoshi. Mkutano ukiitwa wakati wa palizi, wengi wako mashambani, na baadhi wameteremkia bonde la Ziwa Rukwa. Waliobaki ni wenye maduka kando ya lami, nao hupenda gari lipunguze mwendo mbele ya bidhaa zao. Wanawake wanaobeba kuni na maji kando ya njia, ambao ndio wanaoikabili hatari kila siku, hukuta jambo limekwisha kuamuliwa. Muhtasari husomeka kwamba wananchi wameafiki. Wananchi gani?

Kwa hivyo muhtasari unaopelekwa katika kamati ya maendeleo ya kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake, hauna budi kuandika waliohudhuria ni wangapi, na hoja za waliokataa pamoja na za waliokubali. Mhandisi akisoma kwamba maji yataingia katika ua fulani, aweza kulisogeza tuta hatua ishirini au kuagiza mfereji uchimbwe kwanza. Asipoandikiwa, atajua mvua itakaponyesha.