GOTI LA ASKARI NA KARATASI YAKE

(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ukimaliza kusoma msomee na jirani asiyeona vizuri.)



Leo tunazungumza juu ya askari wa zamani wa Marekani, na jinsi wanavyodai fidia ya magonjwa ya viungo. Mtauliza, ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, wapo vijana wa Afrika Mashariki waliohamia huko wakajiunga na jeshi. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kujiunga hata kabla hajawa raia. Wengine wakimaliza utumishi hurudi nyumbani, na kwa kawaida fidia hawaipotezi kwa sababu tu wanaishi nje. Pili, magoti yanauma kila mahali, na somo lililomo humu ni letu pia.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwenye kiungo, mwisho wa mfupa umefunikwa na gegedu, kitu laini kinachozuia mfupa kusaga mfupa. Gegedu likiumizwa au likilika, kiungo huvimba, huuma na kukakamaa. Wengi tunaita baridi yabisi. Askari anaruka kutoka kwenye lori, anaruka kwa mwavuli, anatembea maili nyingi na mzigo mgongoni. Akiwa na miaka 20 haoni kitu. Akifika 45 kushuka ngazi ni shida.

Basi, ili alipwe, sheria ya kule inataka mambo matatu:

1. Awe na ugonjwa sasa hivi, na daktari ameuthibitisha. Picha ya eksirei inasaidia sana.
2. Kuwe na jambo lililotokea jeshini: kuanguka, kuteguka, au kazi nzito ya kila siku.
3. Kuwe na kamba inayofunga hayo mawili. Daktari aandike kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni nusu kwa nusu au zaidi.

Hapo pa tatu ndipo wengi wanapokwama. Ofisi inasema, huu ni uzee tu, mzee. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba ushahidi wa pande mbili ukilingana, mwenye kushinda ni askari. Tena ipo nafuu nyingine: aliyetumikia siku 90 mfululizo au zaidi, baridi yabisi ikijitokeza kwa kiwango cha kulipwa ndani ya mwaka 1 tangu aachishwe, huhesabiwa kuwa imetoka jeshini, isipokuwa uwepo ushahidi wa kupinga.

Kiwango hupimwa kwa asilimia. Goti zima hukunjika mpaka kama nyuzi 140. Likiishia nyuzi 45 ni asilimia 10, nyuzi 30 ni 20, nyuzi 15 ni 30. Na hata likikunjika vizuri lakini kwa maumivu, sheria inataka kiungo hicho kipewe angalau kiwango cha chini cha kulipwa. Kwa hiyo siku ya kupimwa mtu asijikaze kisabuni! Aseme linapoanza kuuma, aseme pia hali inakuwaje siku mbaya. Daktari anaandika anachokiona na anachoambiwa.

Asilimia hizo hazijumlishwi kama tunavyojumlisha debe za mahindi. Tuchukue gunia la kilo 100. Ugonjwa wa kwanza wa asilimia 50 umechukua kilo 50. Ugonjwa wa pili wa asilimia 30 unachukua katika zile 50 zilizobaki, yaani kilo 15. Jumla ni 65, nayo husogezwa mpaka 70. Siyo 80. Mtu akilijua hilo hatadhani ameibiwa.

Dai halina mwisho wa muda. Mtu anaweza kudai hata miaka 30 baadaye. Ila malipo kwa kawaida huanza kuhesabiwa tangu siku alipodai, siyo tangu siku alipoumia. Aliyedai ndani ya mwaka 1 baada ya kuachishwa huhesabiwa tangu siku iliyofuata kuachishwa kwake. Kwa hiyo anayechelewa anajipunja mwenyewe. Dai likikataliwa, asikunje jamvi. Ana mwaka 1 wa kuleta ushahidi mpya, au kuomba ofisa mkubwa zaidi aliangalie upya, au kukata rufaa kwenye bodi. Na jihadharini na matapeli: sheria hairuhusu kumtoza mtu ada kwa kumwandalia dai la kwanza. Vipo vyama vya askari wa zamani vinavyosaidia bure.

Ndugu wanachama, tufike kwenye kiini. Kinachowaangusha wengi ni jalada tupu. Kijana anateguka goti, anajifunga kitambaa, anakaa kimya kwa kuogopa kuitwa mvivu au kuachwa nyuma na wenzake. Daftari la zahanati ya kambi halina jina lake. Miaka 25 baadaye anasema niliumia, ofisi inauliza, wapi imeandikwa?

Na hata iliyoandikwa inaweza kupotea. Tarehe 12 Julai 1973, moto uliwaka kwenye ghala la majalada ya jeshi mjini St. Louis. Yaliungua majalada kati ya milioni 16 na 18, na mengi hayakuwa na nakala. Waliopona hasara hiyo ni wale waliokuwa na karatasi zao nyumbani, au wenzao wa kikosi walioandika na kutia sahihi: tulikuwa naye, tulimwona akianguka.

Turudi hapa kwetu. Sisi siyo askari, lakini magunia tunabeba. Mpakiaji akianguka ghalani tunamwambia pole, anakandwa kwa maji ya moto, basi. Kwa walioajiriwa huku Bara upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, nao pia utauliza habari za ajali. Kwa hiyo Kamati inaomba mkutano ukubali haya:

(a) Liwepo daftari la ajali ghalani. Iandikwe siku, saa, kazi iliyokuwa inafanyika, kiungo kilichoumia, na majina ya mashahidi wawili.
(b) Aliyeumia aende zahanati siku hiyo hiyo, na kadi yake asiitupe.
(c) Nakala moja ikae kwa karani, nyingine nyumbani kwa mwenyewe.

Kusema unaumwa siyo uvivu. Ni kujiwekea akiba. Na shahidi wako wa kwanza ni mwenzako uliyebeba naye gunia, kwa hiyo tuandikiane.



Kamati ya Elimu