Mgeni wa Mjini na Jumuiya Yetu

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na wajumbe wa kamati za haki na amani)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya vijana wanaoacha kwao na kuja mjini kuanza maisha upya. Nilipopewa kichwa cha mada nilidhani kazi yangu itakuwa kuwaeleza vijana hao walivyo. Kadiri nilivyojiandaa, niliona sina budi kusema juu yetu sisi tuliotangulia kufika, na kwanza kabisa juu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa paroko msaidizi katika parokia moja ya mjini, walifika ofisini vijana watatu, miguu yao imejaa vumbi la saruji. Mwenzao, aliyekuwa akibeba zege pamoja nao, alikuwa amefariki kwa homa. Serikali ya mtaa ilikwisha kuwapa kibali cha mazishi. Wao walitaka padre tu. Nikawauliza: "Alikuwa jumuiya gani?" Hawakujua. "Ana kadi ya zaka?" Wakatazamana. Mmoja akatoa rozari mfukoni, akaiweka mezani, akasema: "Baba, alikuwa anaisali hii kila usiku."

Nikawaambia wasubiri nipate uthibitisho. Mwenyekiti wa jumuiya ya eneo lile alisema hamfahamu marehemu, na alisema kweli. Chumba cha kijana yule kilikuwa nyumba ya nne kutoka nyumba ambayo jumuiya ilikuwa ikisalia. Tulipokuwa tungali tunaulizana, vijana wale walichoka kungoja. Walichanga fedha za gari, wakamzika mwenzao wenyewe, na mmoja wao akaongoza Baba Yetu. Mimi nilifika kaburini siku mbili baadaye.

Ndugu zangu, hakuna utaratibu uliovunjwa siku ile. Kila mmoja wetu alifanya alivyoagizwa. Hata hivyo, Bwana hatatuuliza siku ya mwisho kama tulitunza daftari vizuri. Kadiri ya Injili ya Mathayo, sura ya 25, atatuuliza kama tulimkaribisha alipokuwa mgeni. Tangu siku ile swali hilo halijanipa raha, na ndilo ninalowaletea leo.

1. Kuhama si kosa

Wazee wetu wana methali isemayo: mwacha asili ni mtumwa. Ni methali nzuri, nasi tunaitumia kuwaonya vijana wasisahau wazazi na mila zao. Lakini wapo wanaoitumia kumhukumu kila aliyefunga mzigo na kupanda basi, kana kwamba ameikimbia kazi au amewakana wazazi wake. Hapo tunakosea. Ibrahimu aliacha nchi yake kwa wito wa Mungu. Ruthu aliacha kwao kwa sababu ya upendo, akaokota masazo katika shamba la watu asiowajua. Yosefu na Maria walikimbilia Misri na mtoto mchanga, bila barua ya utambulisho kutoka kwa mtu yeyote.

Na sisi mapadre je? Mimi niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na minne kwenda seminari ndogo, safari ya siku mbili. Sanduku langu lilinunuliwa kwa mchango wa parokia. Niliposhuka katika basi nilimkuta mtu aliyetumwa kunipokea, naye alilijua jina langu. Usiku ule nilikuwa na kitanda, na asubuhi kengele iliniita kwenye uji. Hakuna aliyeniita mzururaji. Kijana yule wa zege naye aliondoka kwao akiwa na nia njema ya kuwasaidia wazazi. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: mimi nilipokelewa, yeye hakupokelewa.

2. Kwa nini wanakuja

Tusitosheke na jibu la kwamba vijana wanapenda anasa za mjini. Tuangalie mambo yalivyo. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kihamba ambacho babu alikirithi kikiwa kizima kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata kijana wa leo akipewa sehemu yake haitoshi kumlisha mke na watoto wawili. Kwingineko mvua hazina uhakika, au bei ya mazao hupangwa na mnunuzi pekee. Wako wasichana waliomaliza kidato cha nne, wakarudi nyumbani, wakakuta kinachowangoja ni jembe la mama na mchumba wasiyemtaka. Wako wajane walionyang'anywa nyumba na shamba na ndugu wa mume kabla matanga hayajaisha. Huyo wa mwisho hakuuacha ukoo wake. Ukoo ndio uliomtupa.

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 4,364,541. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi. Wengine walizaliwa hapa hapa, lakini wengi walishuka katika mabasi, kila mmoja na mfuko wake.

Historia inatufundisha kwamba nguvu haizuii safari hii. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana kazi mjini walikamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Wengi walirudi, kwa sababu yale yaliyowatoa vijijini yalikuwa hayajaondolewa. Tena mwezi Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo, wamachinga, waliondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam na kuelekezwa katika maeneo mengine. Mji unahitaji utaratibu, sikatai. Lakini kila tunapopanga njia za magari, haki yadai tuulize pia riziki ya aliyekuwa amesimama hapo.

3. Yanayomngoja

Kijana anaposhuka katika basi anakutana kwanza na suala la mahali pa kulala. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka chake. Kijana hana hata ya mwezi mmoja. Hivyo analala na wenzake watano katika chumba kimoja, au anapata kibanda bondeni, mahali pa bei nafuu kwa sababu maji hufika. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yalituonyesha ni nani hasa wanaokaa mabondeni. Waliokaa pale hawakuwa wajinga wa hatari. Walikuwa wamefanya hesabu ya mfuko wao.

Kwa wasichana mlango ulio wazi zaidi ni kazi za nyumbani. Hapa naomba tusikilizane kwa unyenyekevu, kwa maana waajiri wengi wa mabinti hawa si watu wa mbali. Wengine tunakaa nao benchi moja kanisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Inaweka mipaka ya saa za kawaida za kazi: si zaidi ya saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Inampa mfanyakazi pumziko la saa 24 kila juma na likizo ya mwaka yenye malipo, na inamtaka mwajiri kumpa kwa maandishi maelezo ya kazi yake. Anayelipwa kwa mwezi hafukuzwi ghafula usiku. Anastahili taarifa isiyopungua siku 28. Nayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa yule anayekwenda kijijini, akawaahidi wazazi kwamba binti yao atasomeshwa mjini, kisha akamfungia jikoni.

Mara nyingi nimehudhuria sala ya jumuiya katika nyumba nzuri. Tunasali, tunasoma Neno la Mungu, tunaletewa chai. Anayeileta chai ni binti wa miaka kumi na sita. Anainama, anaweka vikombe, anarudi nyuma ya pazia. Hakuna aliyemwambia: "Mwanangu, keti tusali." Wakati mwingine mimi mwenyewe nimeinywa chai hiyo bila kuuliza jina lake.

4. Ukweli wa Krismasi

Upo pia wajibu wa wale waliotangulia. Kila mwisho wa mwaka wengi wetu hurudi nyumbani kwa Krismasi. Mtu aliyelala njaa mwezi Novemba anavaa viatu vya kuazima na kununua soda kwa kijiji kizima. Anaona haya kusema kwamba amehama vyumba vitatu kwa kushindwa kodi. Mdogo wake anamtazama, na mwezi Januari naye anapanda basi, akiamini alichokiona.

Kusema ukweli mbele ya wadogo zetu ni tendo la haki. Tusiwatishe na tusiwadanganye. Tuwaambie: kazi zipo za namna hii, malipo yake ni haya, chumba ni kiasi hiki, usije bila kitambulisho, usimfuate mtu asiyetaka wazazi wajue anakokupeleka. Kijana akijua hayo na bado akaamua kuja, anakuja kama mtu mzima aliyeamua.

5. Tufanye nini

Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Octogesima Adveniens ya mwaka 1971, alikwisha kuona kwamba mji wa kisasa huzaa upweke mpya, mtu akiwa katikati ya umati usiomjua. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, walipokutana katika AMECEA mwaka 1976, waliweka mkazo juu ya jumuiya ndogo ndogo, ili Kanisa liwe mahali ambapo watu wanafahamiana na kusaidiana kwa karibu. Basi jumuiya ikigeuka kuwa ofisi ya kukagua kadi, imeiacha kazi iliyozaliwa kuifanya.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, parokia za vijijini zisingoje kijana aombe barua. Viongozi wa jumuiya wakisikia mtoto wa fulani anasafiri, wamwendee, wamwombee, wampe barua na namba ya simu ya mtu anayeaminika huko aendako. Wazazi wabaki na namba hiyo hiyo.

Pili, jumuiya za mjini ziwe na mtu au wawili ambao kazi yao ni kuwatafuta wapangaji wapya. Swali la kwanza liwe jina, la pili kwao ni wapi, la tatu nani apigiwe simu akiugua. Habari za zaka na michango zije baadaye, akishapata pa kusimama. Sisemi zaka haina maana. Nasema haiwezi kuwa mlango wa kuingilia.

Tatu, kila mwajiri Mkristo aanze nyumbani kwake. Ampe binti siku ya kupumzika na nafasi ya kusali. Amlipe mkononi mwake, amwache awasiliane na wazazi wake. Kamati ya haki na amani ijue sheria nilizozitaja, na ijue pa kumpeleka aliyeonewa: ofisi ya kazi, ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Nne, tumsaidie mgeni asimame mwenyewe. Methali husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huishika methali hii kama onyo kwa mgeni asikae bure. Mimi naomba tuisikie pia kama agizo kwa mwenyeji. Haisemi siku ya tatu mfukuze, wala haisemi akatafute jembe. Yasema mpe. Jembe la mjini ni fundi anayekubali kumfundisha, ni kikundi cha kuweka na kukopa kinachompokea bila kumdai dhamana asiyo nayo, ni mtu wa kumdhamini kwa mwenye nyumba alipe kodi mwezi kwa mwezi. Na mgeni naye, akishapewa jembe, alime. Asiwe mzigo kwa makusudi, asisahau nyumbani, na mgeni wa baada yake amwone yeye kama mwenyeji.

Ndugu zangu, rozari ile vijana waliisahau mezani kwangu. Nimeitunza hadi leo, na sijapata njia ya kuirudisha kwa mama yake, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza kijana yule kwao ni wapi. Nawasihi, mkirudi katika jumuiya zenu, hesabuni nyumba nne upande wa kulia na nne upande wa kushoto. Bisheni hodi. Ulizeni jina.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni wapangaji wangapi waliofika mwaka huu ambao hatujui majina yao? Nani atawatembelea, na lini?

2. Wafanyakazi wa nyumbani walio katika familia za jumuiya yetu wanapata pumziko, malipo na nafasi ya kusali? Tujibu kila mmoja kwa nyumba yake.

3. Ikiwa Mkristo asiyeandikishwa atafariki katika eneo letu usiku wa leo, tutafanya nini kesho asubuhi? Tukubaliane sasa, kabla halijatokea.