Spika inayoamriwa kwa sauti: mambo ya kujua kabla ya kuiunganisha na vifaa vya nyumbani

Maelezo yafuatayo yalitolewa kwa wakazi katika kikao cha mafunzo ya kidijitali. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Spika inayoamriwa kwa sauti, au spika mahiri kama wengi wanavyoiita, si kitu kigeni tena. Kampuni ya Amazon ilitoa Echo mwaka wa 2014, Google ikatoa Home mwaka wa 2016, na Apple ikafuata na HomePod mwaka wa 2018. Kuna zinazonunuliwa dukani, kuna zinazoletwa na jamaa walio ughaibuni kama zawadi, na kuna zinazouzwa zikiwa zimetumika.

Ikiwa peke yake, spika hiyo ni kama redio inayojibu maswali. Nguvu yake huonekana inapounganishwa na simu, televisheni, balbu, plagi, kamera au kufuli la mlango. Hapo ndipo faida yake ilipo, na hapo pia ndipo hatari yake ilipo. Kila kifaa kinachounganishwa na spika kinaweza kuamriwa na mtu yeyote ambaye sauti yake inaifikia spika hiyo. Kwa hivyo inafaa mkazi aunganishe kile anachohitaji, ajue amri inapitia njia gani, na afunge kilichobaki.

Njia ya kwanza: Bluetooth

Spika mahiri nyingi hutumia njia mbili zisizo na waya. Ya kwanza ni Bluetooth, teknolojia iliyoanzia katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi mwaka wa 1994. Hii ni njia fupi. Huunganisha vifaa viwili vilivyo karibu, kwa kawaida ndani ya takriban mita 10, na ukuta wa mawe hupunguza umbali huo.

Bluetooth inafaa kwa kazi moja hasa: kutoa sauti kwenye simu, kompyuta au televisheni na kuipeleka kwenye spika. Hatua zake si nyingi. Mkazi huwasha Bluetooth kwenye simu. Kisha huiambia spika iwe tayari kuunganishwa. Kwa Echo amri ni "Alexa, pair", na kwa spika ya Google ni "Hey Google, Bluetooth pairing". Baada ya hapo hufungua mipangilio ya simu na kuchagua jina la spika linapotokea kwenye orodha. Vifaa hivyo hukumbukana, kwa hivyo siku nyingine haitahitajika kuanza upya.

Ikiwa jina la spika halionekani, mara nyingi sababu ni simu nyingine ya mtu wa nyumba hiyo hiyo ambayo tayari imeishika. Simu hiyo izimwe Bluetooth kwanza. Ikiwa jina linaonekana lakini spika inakataa kuungana, lifutwe kwenye orodha ya simu, spika izimwe na kuwashwa, kisha hatua zirudiwe vifaa vikiwa karibu.

Kuna faida ya mfukoni hapa. Wimbo ambao tayari umehifadhiwa kwenye simu ukipelekwa kwenye spika kwa Bluetooth hautumii bando. Lakini spika ikiambiwa iutafute wimbo huo yenyewe kwenye intaneti, bando linaliwa. Muziki unaotumwa kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 72 kwa saa. Nyumba inayosikiliza saa 4 kila siku itakuwa imetumia zaidi ya gigabaiti 8 kwa mwezi kwa muziki pekee. Familia inayonunua bando la siku hadi siku ifanye hesabu hiyo mapema.

Njia ya pili: Wi-Fi

Njia ya pili ni Wi-Fi, na hii ndiyo inayobeba amri za sauti. Maikrofoni ya spika husikiliza ikingoja neno la kuiamsha, kama vile "Alexa". Ikilisikia, hurekodi maneno yanayofuata na kwa kawaida huyapeleka kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, ambako yanatafsiriwa kuwa amri. Amri hurudi na taa inawaka. Kutoka kitini hadi kwenye balbu huenda ni hatua tatu tu, lakini sauti imesafiri mbali na kurudi. Ndiyo maana intaneti ikikatika, spika haiwezi tena kujibu maswali na mara nyingi haiwezi kuwasha hata taa.

Ili kuunganisha balbu au plagi, mkazi aanze na programu ya kampuni iliyotengeneza kifaa hicho na kukiingiza kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Kisha afungue programu ya spika na kuunganisha akaunti hizo mbili. Vifaa vipya vyenye alama ya Matter, mfumo wa pamoja uliozinduliwa mwaka wa 2022, hurahisisha kazi hii kwa sababu vinaweza kutumiwa na spika za kampuni mbalimbali. Ni vyema kuitafuta alama hiyo kwenye kasha kabla ya kulipa.

Mambo matatu huwasumbua watu wengi katika hatua hii. La kwanza ni masafa. Balbu na plagi nyingi hutumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee, kwa hivyo simu ikiwa kwenye mtandao wa gigahezi 5 wakati wa kuunganisha, kifaa kinaweza kukosa kupatikana. La pili ni swichi ya ukutani. Balbu mahiri huhitaji umeme muda wote, hivyo mtoto akizima swichi kama alivyozoea, spika itasema haiioni balbu. La tatu ni hotispoti ya simu. Nyumba isiyo na ruta inaweza kutumia hotispoti, lakini mwenye simu akienda sokoni, intaneti ya spika, ya balbu na ya plagi imeondoka naye.

Usalama wa umeme

Kabla ya kuchomeka kitu chochote kilichotoka ng'ambo, isomwe maandishi madogo yaliyo kwenye chaja. Nchini Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240. Marekani hutumia volti 120. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina tatizo. Itahitaji tu adapta ya kuingia kwenye soketi za miguu mitatu. Lakini balbu au plagi iliyoandikwa 120V pekee isitumiwe hapa, kwani inaweza kuungua na kusababisha moto.

Plagi mahiri nazo zina kikomo. Soketi ya kawaida hapa nchini ni ya ampea 13, lakini plagi nyingi mahiri zimetengenezwa kwa ampea 10 pekee. Taa, redio na chaja ya simu hazina shida. Pasi, hita na jiko la umeme zisiamriwe kwa sauti kamwe. Kifaa cha joto kinachoweza kuwashwa na mtu asiyekuwapo chumbani ni hatari, hata plagi iwe imara vipi.

Sauti ya nani inasikika?

Mapema mwaka wa 2017, mtoto wa miaka 6 mjini Dallas, Marekani, aliongea na spika ya nyumbani kwao kuhusu nyumba ya kuchezea ya wanasesere na biskuti. Spika ikaagiza vyote viwili kwa akaunti ya wazazi. Mtangazaji wa televisheni mjini San Diego alipokuwa akisimulia habari hiyo alirudia maneno hayo, na baadhi ya watazamaji wakalalamika kwamba spika zao nazo zimejaribu kuagiza. Mwaka wa 2018, familia moja mjini Portland iligundua kwamba spika yao ilirekodi mazungumzo yao na kuyatuma kwa mtu aliyekuwa kwenye orodha yao ya mawasiliano. Amazon ilikiri tukio hilo na kueleza kwamba spika ilidhani imesikia amri. Mwaka wa 2023, kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani katika kesi iliyohusu kuhifadhiwa kwa sauti za watoto.

Visa hivi havikuhitaji mwizi wala mtaalamu wa kudukua. Kifaa kilifanya kazi yake kwa sauti ambayo hakikupaswa kuifuata. Kwa hivyo ununuzi kwa sauti uzimwe, au uwekewe nambari ya siri. Kufuli la mlango lisiunganishwe na spika iliyo karibu na dirisha. Kamera isiwekwe chumbani. Na pale familia inapozungumzia pesa, ugonjwa au ugomvi wa shamba, kitufe cha kuzima maikrofoni kibonyezwe. Kipo juu au nyuma ya spika, na taa nyekundu au ya rangi ya chungwa huonyesha kwamba maikrofoni imezimwa.

Haki ya faragha inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kujua jinsi data yake inavyotumiwa, kuiona, na kutaka irekebishwe ikiwa si sahihi. Programu za spika pia huruhusu mwenye akaunti kusikiliza na kufuta rekodi za sauti. Lakini heshima huanzia nyumbani. Msaidizi wa nyumbani, mpangaji wa chumba na mgeni aliyekuja kulala waambiwe kwamba kuna spika inayosikiliza. Mwenye nyumba ya kukodisha kwa siku au duka anayeiweka mbele ya wateja anapaswa kuwaambia waziwazi.

Spika iliyokwisha kutumika

Anayenunua spika iliyotumika ahakikishe mwenye awali ameiondoa kwenye akaunti yake, kisha airudishe katika hali ya kiwandani kabla ya kuiunganisha na chochote. Ikiwa bado imo kwenye akaunti ya mtu mwingine, mtu huyo anaweza kuendelea kuona au kuamuru baadhi ya mambo kupitia simu yake. Anayeuza au kugawa spika yake naye afanye vivyo hivyo, kwa usalama wake mwenyewe.

Faida isipotee

Tahadhari hizi hazina maana kwamba spika ibaki ndani ya kasha. Kwa mtu asiyeona, kuuliza saa au kusikiliza habari bila kutafuta kitufe ni uhuru. Kwa mzee ambaye magoti yamechoka, kuwasha taa ya ukumbini usiku kabla ya kuinuka kitandani kunaweza kumwepusha na kuanguka. Kwa mtu ambaye mikono yake haina nguvu kwa sababu ya kiharusi au ulemavu, balbu mbili na plagi moja vinaweza kupunguza mara anazolazimika kumwita mtu amsaidie.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi nchini Kenya, lakini Alexa haielewi amri za Kiswahili. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kwenye simu kupitia huduma ya Google kumewezekana tangu 2017, ila kwenye spika wengi watalazimika kutumia Kiingereza. Kuna njia ya kupunguza ugumu. Kila kifaa kipewe jina fupi ambalo nyanya au babu analitamka bila shida, na majina yasifanane. Taa ya kwanza na ya pili zikiitwa kwa majina yanayokaribiana, spika itawasha isiyotakiwa. Kisha kijana wa nyumba aketi naye, waseme amri hizo mara kadhaa hadi zizoeleke, na swichi za kawaida ziachwe mahali ambapo anaweza kuzifikia siku ambayo stima au intaneti itapotea.

Mambo ya kufanya

Kwa mkazi ambaye tayari ana spika, kazi ya leo jioni ni hii:

1. Abadilishe nenosiri la ruta ikiwa bado ni lile lililokuja nayo, na aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya spika.
2. Afungue programu ya spika, apitie orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na aondoe asivyovitumia au asivyovitambua.
3. Azime ununuzi kwa sauti au auwekee nambari ya siri.
4. Afute rekodi za zamani, na achague zifutwe zenyewe baada ya muda ikiwa programu inaruhusu.
5. Awaonyeshe wote wanaoishi nyumbani, wakiwemo watoto, kitufe cha kuzima maikrofoni.

Kazi hiyo haihitaji fundi wala pesa. Mwenye nyumba hukagua milango na madirisha kabla ya kulala. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa na spika nayo ikaguliwe mara kwa mara, hasa kifaa kipya kinapoongezwa au mtu anapohama nyumba hiyo.